Samoni yuko mbali, tupike dagaa

(Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi wa kituo kimoja cha afya mkoani Mwanza mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na wewe msomaji uliye mbali upate kufaidika.)

Wale wa nyuma sogeeni mbele, leo sina kipaza sauti.

Mwezi uliopita niliacha sanduku la maswali kwa mwalimu wenu wa malezi. Jana nimelifungua. Mengi ni yale niliyoyategemea, na tutayajibu kwa zamu, msiwe na wasiwasi, sitataja mwandiko wa mtu. Lakini moja limenichekesha, kisha likanifikirisha usiku kucha. Linasema hivi: "Nesi, nimesikia samaki anayeitwa samoni anaongeza akili. Anapikwaje nyumbani?" Na chini yake mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu, ameongeza: "Sisi tunakula dagaa, ndiyo maana tunafeli hesabu."

Mnacheka. Haya, chekeni, kisha tulijibu.

Kwanza tumtoe samoni njiani. Huyu ni samaki wa maji ya baridi, kule kaskazini ya dunia: Norwei, Uskoti, Alaska. Wa porini huzaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, halafu akarudi mtoni kutaga mayai. Siku hizi wengi wanaouzwa wanafugwa, na Norwei ndiyo inayofuga wengi kuliko nchi zote. Wenyewe humwoka kwenye oveni, humchemsha taratibu kwa maji na limau, humkaanga upande wa ngozi mpaka ikauke, au humkausha kwa moshi na kumkata vipande vyembamba kama karatasi. Huku kwetu akifika anafika amegandishwa, na bei yake mimi na mshahara wangu nampita tu dukani.

Anasifiwa kwa nini? Kwa sababu ya mafuta yake. Yapo mafuta yanaitwa omega-3, ambayo mwili unayahitaji kwa ubongo, macho na moyo, na hauwezi kuyatengeneza vya kutosha wenyewe. Samoni anayo kwa wingi. Lakini kusema samaki anaongeza akili ni kumsingizia. Hakuna samaki atakayekufanyia hesabu za algebra. Chakula kizuri kinachofanya ni kukuondolea kikwazo, usiwe unasinzia saa nne asubuhi au kusoma mstari mmoja mara tatu bila kuelewa.

Na sasa nataka kumjibu huyu wa kalamu nyekundu. Wewe ndugu yangu, nitakusimulia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Nilisoma shule ya bweni, mbali na ziwa. Mama yangu alikuwa anaanika dagaa mwaloni. Ndiyo kazi iliyonisomesha. Nilipokuwa kidato cha pili alinitumia kopo kubwa la dagaa wa kukaanga, kwa basi, limefungwa vizuri kwa kitambaa cha kanga yake. Nikalifungua bwenini. Msichana mmoja akaziba pua akasema, "Jamani, mwalo umehamia huku." Bweni zima likacheka. Usiku ule nikaenda shimo la taka, nikamwaga kopo lote.

Tangu siku hiyo nikawa sili dagaa hata wakipikwa shuleni. Nilikula ugali na mchuzi wa juu juu wa maharage, na chai ya rangi asubuhi na jioni. Ikapita mihula miwili. Nikaanza kuchoka bila sababu. Nikipanda ngazi moyo unadunda kama ngoma. Nikaanza kula udongo, wasichana mnanielewa, ule wa kununua sokoni. Siku moja nikaanguka mstarini asubuhi, wimbo wa taifa haujaisha. Nilipozinduka nikasikia wenzangu wananong'ona kwamba nina mimba. Kumbe sina mimba wala sina chochote. Sina damu. Hospitali walipima wakakuta 7. Msichana wa umri ule asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi.

Sasa nisiwadanganye kwamba ni kwa sababu ya kopo moja la dagaa. Damu ilipungua kwa mambo mengi yaliyokutana. Nilikuwa na minyoo ya safura, ambayo huingia kwa kutembea peku na hunyonya damu tumboni. Nilikuwa natoka damu nyingi kila mwezi na naona haya kusema. Na chakula changu hakikuwa na madini ya chuma ya kutosha, halafu hata hayo kidogo nilikuwa nayazuia kwa chai. Nilipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza miezi kadhaa. Upungufu wa damu wa kiasi kile hautibiwi kwa mboga peke yake. Kwa hiyo wewe unayesikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au unatamani udongo, usianze kwa kutafuta mapishi. Njoo kituoni upimwe, ni tone tu la damu kidoleni. Wavulana nanyi pia, msidhani haya ni ya wasichana tu, malaria na safura hazichagui.

Mama alipokuja kuniona aliniuliza, "Kopo lilikutosha?" Nikamjibu, "Lilitosha mama." Mpaka anafariki sikumwambia ukweli.

Haya. Tuwaangalie hao dagaa wenyewe.

Dagaa wa ziwa letu hili la Victoria, Wakenya wanawaita omena, Waganda wanawaita mukene. Wale wa Ziwa Tanganyika ni aina nyingine, ndio dagaa wa Kigoma, na Warundi wanawaita ndagala. Wa baharini nao ni jamii yao tofauti, wakiwemo wale wadogo sana wanaoitwa dagaa mchele. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za umeme wa jua au betri. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika kwa sababu dagaa hawafuati tena taa, ndiyo maana kuna siku bei inapanda sokoni hamjui kwa nini. Nyie watoto wa mwaloni mnayajua haya kuliko mimi.

Sasa sikilizeni tofauti moja kubwa. Samoni anapoliwa, kwa kawaida mifupa huwekwa pembeni mwa sahani. Dagaa unamla mzima: nyama, mifupa, macho na vyote. Katika mifupa hiyo ndiko kuliko na kalsiamu. Kijana wa miaka 10 hadi 18 anashauriwa kupata miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, kwa kuwa ndio umri ambao mifupa inajengwa. Glasi moja ya maziwa ina kama 300. Nani hapa anakunywa glasi nne za maziwa kila siku? Anyooshe mkono. Naona hakuna. Basi mifupa ya dagaa ndiyo maziwa yenu. Juu ya hapo kuna madini ya chuma, zinki, vitamini B12 ya kutengenezea damu, na hayo mafuta ya omega-3 ya akina samoni yamo pia. Na protini, dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Wakati minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, huyu mdogo amebaki hapa hapa, na mwingine mwingi anasagwa kuwa chakula cha kuku. Kuku wanajua kuchagua kuliko sisi.

Basi tupike. Nasema hasa na nyie mliopanga vyumba karibu na shule, mnaojipikia wenyewe, wavulana kwa wasichana. Najua mnavyoishi. Najua siku ambayo fedha ya wiki imeisha Jumatano. Na wasichana, najua kuna kaka fulani anayesimama pale kona na pikipiki, anajua siku hiyo kuliko mama yako anavyoijua, na anakuja na chipsi mayai kwenye mfuko. Sihubiri. Nasema tu kwamba mwenye kikombe cha dagaa, nyanya mbili na unga ndani ya chumba chake anaweza kumwambia huyo kaka, "Asante, nimeshakula," na likawa ni kweli.

Kuchagua kwanza. Dagaa mzuri anang'aa rangi ya fedha, ukimkunja anavunjika. Aliyegeuka njano au kahawia mafuta yake yamechacha, aliyelegea amenyeshewa mvua, muache huko huko. Ukiweza nunua waliokaushwa juu ya vichanja, sio waliomwagwa mchangani. Ukifika nyumbani waweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, uwatoe juani mara moja moja. Na tafadhali sana, mtu asipulizie dawa ya mende karibu na dagaa. Nimewahi kumpokea mgonjwa wa namna hiyo.

Halafu kusafisha, hapa ndipo wengi mnaposhindwa, mkishaswaga mchanga mnasema dagaa ni wabaya. Weka kikaango kikavu jikoni, moto mdogo, bila mafuta. Mimina dagaa, geuza geuza dakika tatu nne mpaka waanze kunukia na kulia kama majani makavu. Hapo mchanga unaachia na ile harufu inayokimbiza bweni inapungua. Wapepete kwenye ungo. Kisha mwagia maji ya moto, koroga kwa mkono yakipoa kidogo, watoe kwa juu, usiwachuje pamoja na maji yake kwani mchanga umelala chini. Rudia kwa maji mengine. Pitisha kidole chini ya bakuli, ukigusa punje hata moja rudia tena. Vichwa? Hawa wadogo wa ziwani kwetu mimi siwakati. Wale wakubwa wa Kigoma natoa kichwa pamoja na tumbo, kwa sababu lile tumbo ni chungu.

Pishi la kwanza ni la mtu mwenye haraka. Mafuta vijiko viwili, kitunguu kikate duara, kiive lakini kisiungue. Tia dagaa waliokauka maji, wakaange mpaka wakakamae. Nyanya mbili, pilipili mbichi, funika kidogo, nyanya ikilainika epua. Kamulia ndimu wakati sufuria iko chini, si motoni. Chumvi onja kwanza, hasa kama ni dagaa wa Zanzibar maana wale huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Chumvi yote ya siku nzima kwa mtu mzima inatakiwa isizidi gramu 5, ni kama kijiko kimoja cha chai, na wengi tumeshaivuka kabla ya chakula cha jioni.

Ndimu ile si ya ladha tu. Vitamini C iliyomo inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyoko kwenye mboga za majani na maharage. Na dagaa wenyewe wanasaidia hivyo hivyo, yaani ukila maharage pamoja na dagaa, hata chuma cha maharage kinaingia vizuri zaidi. Chai na kahawa ndizo zinazozuia. Kunywa chai yako, sikukatazi, ila iache saa moja hivi baada ya chakula. Laiti mtu angeniambia hilo nikiwa kidato cha pili.

Pishi la pili ni la nazi, na hili lina ufundi wake. Nilifundishwa na mama mwenye nyumba wangu nilipokuwa chuo cha uuguzi Tanga. Nusu nazi inakutosha wewe na mwenzako. Kuna nazi, kamua tui la kwanza, zito, weka pembeni. Ongeza maji kwenye machicha, kamua tui la pili. Hilo jepesi ndilo la kupikia: tia dagaa, kitunguu, nyanya, bizari kidogo, na nyanya chungu mbili tatu kama zipo. Chemsha mpaka mchuzi upungue na dagaa walainike. Sasa ndipo unatia tui zito, na hapo usiondoke. Usiende kuchati, usiende kuchungulia mpira. Koroga polepole bila kuacha mpaka lichemke kidogo, maana ukiliacha litakatika, mafuta yatakaa huku na maji kule. Pilipili iweke nzima, ielee, kila mtu aitumbue mwenyewe kwenye sahani yake. Yule mama alikuwa anasema dagaa wa nazi wanataka wali, ila sisi tulikula na ugali na hakuna aliyefariki.

Kigoma hutumia mawese, mafuta mekundu ya mchikichi. Yana asili ya vitamini A, ndiyo rangi ile. Usiyaunguze mpaka yawe meupe, rangi ikipotea faida nayo imekwenda. Dagaa, mawese, kitunguu, ugali wa muhogo, basi.

Asiye na nazi wala mawese ana karanga. Chemsha dagaa na mchicha au kisamvu kilichokwisha kuiva, koroga karanga zilizosagwa na maji baridi kwenye kikombe, mimina, moto mdogo, koroga chini kwani karanga hushika. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa na kubadilika rangi zitupe, zina sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Na mchicha usiutie magadi ili uive haraka, yanaua vitamini.

Kwa wale mnaopata dagaa wabichi: wapikwe siku ile ile. Hasa wa baharini, wakishinda juani kabla ya kupikwa hutengeneza sumu inayowasha mwili, kufanya uso uwe mwekundu na kichwa kuuma, na hata uwachemshe vipi hiyo sumu haitoki. Wabichi wazuri macho yao yanang'aa na tumbo halijapasuka. Wapake ndimu na chumvi, waviringishe kwenye unga kidogo, wakaange. Mafuta yakishakuwa meusi na mazito mwaga, usiyawekee akiba mwezi mzima.

Kuna mmoja ameuliza hapa pembeni, afanyeje kama harufu yenyewe ndiyo inayomshinda. Swali zuri. Wakaushe kwenye kikaango kama nilivyosema, mara mbili badala ya mara moja, watwange kwenye kinu mpaka wawe unga, chekecha. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya sufuria ya maharage, huwezi kuhisi kitu, ila mwili unahisi. Na kama nyumbani kuna mdogo wako ameanza kula, wa miezi sita na kuendelea, kijiko kidogo kwenye uji wake kila siku ni zawadi kubwa. Chekecha vizuri tu, asipaliwe na mfupa.

Jambo moja kuhusu jiko, nalisema kwa ukali kidogo. Mnaopikia mkaa, pikieni nje au mlangoni, madirisha wazi. Msiingize jiko chumbani ati kwa ajili ya baridi au mvua mkafunga mlango mkalala. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Hukohoi, hushtuki, unasinzia tu, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Kichwa kikianza kuuma karibu na jiko, toka nje hapo hapo, maswali baadaye.

Mwalimu ananionyesha saa. Mengine ya sandukuni tutayaendeleza mwezi ujao, na yule wa swali la tezi nimelisoma, njoo kituoni Jumanne mchana, hakuna foleni.

Sasa huyu wa kalamu nyekundu simtafuti. Ila pale mlangoni nimeweka kopo, limefungwa kwa kanga. Ni dagaa wa kukaanga na ndimu, nimewapika leo alfajiri, na hakuna mchanga hata punje. Ndoo ya maji na sabuni iko upande wa kushoto. Anzeni na mikono, wasichana kwa wavulana, mstari mmoja, na msisukumane.